Mwanga Chini ya Kitenge

Baba hakuwahi kuifunga ile laptopu. Akimaliza kazi aliifunika kwa kipande cheupe cha kanzu kilichobaki mezani, akaenda zake kuswali. Siku moja aliponionyesha kwa simu, mimi nikiwa kwa mume wangu Kahama, nilimtania: "Baba, hiyo ni kompyuta au sufuria ya wali?" Akanijibu nishughulike na mambo yangu, vitu vyake nimwachie mwenyewe. Sababu hakuitaja, na mimi sikuiuliza. Ningeiuliza siku ile, ningejiepushia hofu ambayo mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka.

Alikuwa fundi cherehani hapa Biryogo, Kigali. Duka liko mbele, nyumba nyuma, na kati ya meza yake na chumba chake na Mama kuna ukuta mmoja tu. Alipofariki nilipanda basi siku ileile, lakini kwetu maiti haimngoji msafiri. Nilifika wameshamzika. Sikuuona uso wake, na sikulia. Mimi si mtu wa kulia, mimi ni mtu wa kugomba. Niligombana na wachukuzi wa stendi ya Nyabugogo waliolivuta begi langu huku na huku, nikagombana na wapishi wa matanga kwa sababu ya chumvi, kisha nikaingia ndani nikamkuta Mama ameshakaa eda.

Televisheni chumbani kwake ilikuwa imefunikwa. Nyumbani kwetu tukifiwa, televisheni hufunikwa na kioo cha ukutani hufunikwa, na mwenye msiba ndiye anayeamua vifunuliwe lini. Mama alitumia kitenge chake cha kijani. Akasema kitabaki hapo mpaka siku zake ziishe, miezi minne na siku kumi, na kwamba meza ya Baba kule dukani isisogezwe wala kisiondolewe kitu juu yake.

"Nataka kumaliza siku zangu ndani ya nyumba yake," aliniambia, "vitu vikiwa pale alipoviacha. Sina ombi jingine."

Mama si mwanamke wa maombi mengi. Nikamwahidi.

Duka nikalishika mimi. Kushona najua, nimezaliwa chini ya cherehani, ila vipimo vya wateja vyote vilikuwa ndani ya ile laptopu: mabega ya huyu, mikono ya yule, kitambi cha hajji fulani ambaye hapendi kupimwa mbele za watu. Nayo mashine ilikuwa ikijikongoja. Ukiiwasha, unaweza kwenda kununua sambusa, ukala, ukanawa mikono, ukaikuta bado inafikiri.

Nikamwita rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, ambaye siku hizi anatunza kompyuta za ofisi moja mjini. Alikuja Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, ana mimba ya miezi tisa, tumbo limemtangulia. Akaiangalia mashine, akacheka. "Sha, huyu ni bikizee, na nyinyi mnambebesha gunia. Tumpe mfumo mwingine, Linux, ni mwepesi." Nilimwambia afanye kazi palepale, kwa sababu Mama hataki isogezwe. Laptopu yenyewe ilikaa juu ya kitako kizito cheusi, vile vitako ambavyo nyaya zote zinachomekwa kwa nyuma, huko ukutani kusikoonekana. Rafiki yangu hakuona haja ya kuchungulia huko, na mimi pia sikuona.

Ilimchukua saa mbili. Ikawaka kama mpya. Akapanga daftari la vipimo lifunguke lenyewe kila mashine ikiwashwa, kwa herufi kubwa zilezile alizozitumia Baba macho yalipoanza kumchosha. Nikamshukuru, nikamfungia kanzu mbili za watoto wake, akaondoka akipumua kwa shida. Na mimi, mtu wa utaratibu, nikaifunga laptopu. Niliifunga taratibu, kwa mikono miwili.

Kesho yake nilipoifungua, ilikuwa nyeusi.

Haikuwa imezimika, la. Feni ilizunguka, taa ndogo ya pembeni iliwaka, na nikibonyeza kitufe cha herufi kubwa, kitaa chake kiliwaka na kuzima kama mtu anayekonyeza jicho. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha tena. Yakatokea maandishi meupe yakikimbia, nikasema haya, alhamdulillahi, kisha pa! Giza. Nikamulika tochi ya simu kwenye skrini nione kama kuna picha hafifu, nikaona uso wangu mwenyewe. Nikaitukana, Mungu anisamehe.

Fundi mmoja wa simu wa mtaani alisimama mlangoni, akatazama kwa mbali, akasema, "Skrini imekufa, mama. Niletee dukani."

"Haitoki hapo ilipo."

"Basi kaa nayo."

Rafiki yangu naye alikuwa amejifungua Jumatatu ile. Nitampigiaje mzazi simu ya kompyuta? Nikasema ngoja atoke arobaini. Mashine sikuizima tena, niliogopa isije ikagoma kuwaka kabisa. Nikawa nawapima wateja upya, wengine wananiambia, "Lakini mzee alikuwa na vipimo vyangu," na mimi nawajibu vibaya.

Sasa nikiri jambo. Alasiri, wateja wakipungua, nilikuwa nakaa kwenye kiti cha Baba mbele ya ile skrini nyeusi, nikabonyeza vitufe. Mara ya kwanza nilijaribu tu. Mara ya pili niliandika matusi, kwa herufi zote: mbwa wewe, fungua. Nilijua daftari liko wazi mahali fulani mle ndani, nilijua maneno yanaingia gizani, na nilijua hakuna atakayeyasoma. Wiki ya pili nilikuwa nikimwandikia Baba. Nilimwambia umeondoka bila kunisubiri. Nilimwambia sijalia, sijui nina nini. Yale ambayo sikuweza kumwambia mtu yeyote kwa mdomo, vidole viliyasema vyenyewe, na skrini ilibaki nyeusi tii.

Siku moja niliandika: mgongo unaniua. Jioni nikakuta kitandani kwangu mfuko wa chumvi ya moto umefungwa kwa kitambaa. Nikasema, ah, Mama ameniona nimeinama.

Siku nyingine niliandika kwamba nina hamu ya uji wa ulezi, ule mzito wa Baba, wenye limau. Asubuhi kikombe kilikuwa mezani. Ulezi, mzito, limau. Nilimwangalia Mama. Alikuwa akichambua maharage.

"Mama, leo umekumbuka uji?"

"Kwani uji ni dawa, mtu aukumbuke kwa cheti?"

Nikanywa. Lakini sikuuonja kabisa, nilikuwa nikisikiliza feni ya mashine kule dukani, ikivuma na kutulia, ikivuma na kutulia.

Kisha ikaja ile ya tatu. Kila mtu Kigali alijua nimekuja kukaa na Mama kwa msiba na kwamba eda ikiisha narudi kwa mume wangu Kahama. Hakuna aliyejua kwamba hakuna wa kurudiwa. Sikuwa nimemwambia Mama, wala rafiki yangu. Alasiri moja niliandika: Baba, sirudi Kahama. Ndoa imekwisha. Nikazima taa ya duka, nikaenda kupika.

Tukiwa tunakula, Mama akasema bila kuinua kichwa, "Nimetoa nguo za baba yako kwenye kabati la chumba chako. Weka zako."

Nikarudisha tonge sahanini. Yule yule aliyekataza hata sindano ya Baba isisogezwe!

"Nani amekuambia kitu?"

"Nani aniambie? Kula."

Sikulala vizuri. Niliogopa, nasema kweli. Nilianza kuipita ile meza upande wa mlangoni, kama watu wanavyopita mbwa aliyefungwa. Na bado, alasiri ikifika, niliketi nikaandika. Sikujua namna ya kuacha.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, anakaa Gatsata na huja kila Jumapili. Ni mwanamke wa dini na wa amri. Jumapili moja alinijia dukani ametoka chumbani kwa Mama, midomo imemkauka, akafunga mlango nyuma yake.

"Yewe, mama yako anaongea na marehemu."

"Shangazi!"

"Nyamaza nikueleze. Nimemkuta ameinua pembe ya kitenge pale kwenye TV. Kuna mwanga humo. Mwanga, mtoto wangu, wa buluu, chini ya kitambaa, na TV haijawashwa na mtu tangu msiba. Naye anasema polepole, 'Pole. Pole sana. Nimesikia.' Nimemuuliza unaongea na nani, hajanijibu. Kisha mwanga ukafa."

Ningegomba siku nyingine. Siku hiyo nilikaa kwenye kiti. Nilifikiria ule uji, na kabati, na nikaona wazi kabisa kwamba Baba anasikia ninayoandika na anampelekea Mama. Nilimwamini shangazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika haya yote.

Alisema Mama lazima ahamishiwe kwake Gatsata, asomewe, aangaliwe, asibaki peke yake na kile chumba. Kumtoa mjane ndani ya eda si jambo dogo, lakini alisema dharura ni dharura, na kwamba Jumapili inayofuata atakuja na gari. "Wewe ndiwe mtoto wake. Unasemaje?"

Nikasema sawa. Mama aliniomba kitu kimoja tu, na mimi nikasema sawa.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Aliniangalia. "Na wewe umekubali?" Nikaushika mlango nitoke. "Haya," akasema, akageukia ukuta.

Wiki ile sikuandika neno. Na wiki ile nzima, shangazi aliponipigia kuulizia, nilimjibu kweli: mwanga haujaonekana. Badala ya kunituliza, hilo likanitisha zaidi: mimi nimeacha kuandika, nao umeacha kuja.

Jumapili gari lilisimama mwisho wa njia yetu, haliwezi kufika mlangoni. Shangazi akaingia kufunga nguo za Mama. Mimi nikajificha dukani. Ndiyo, nilijificha, mtu mzima. Na hapo simu ikalia.

"Arobaini zimeisha!" Alikuwa rafiki yangu, mtoto akilia nyuma yake. "Nipe habari za bikizee."

Nikamweleza kwa ufupi: inapumua lakini haioni. Akaniambia nibonyeze vitufe vitatu kwa pamoja. Nikabonyeza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita skrini ikatoa ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Nusura niangushe simu. Akanisomea amri herufi moja moja, nami nikaiandika, nikamsomea jibu.

"Hapo," akasema. "Inasema ina skrini mbili."

"Iko moja tu hapa."

"Najua. Mashine za zamani zina huo ugonjwa. Zinaona skrini ambayo haiko, halafu zinatupa kila kitu huko. Sisi tunaiita skrini ya mzimu."

"Usinitajie mizimu leo, tafadhali."

Akacheka. "Ntakibazo, hakuna shida. Tunaizima hiyo ya uongo, tunawasha ya kweli." Akanipa amri nyingine, ndefu. Niliiandika nikiirudia kwa sauti. "Sasa bonyeza, halafu rudi kwenye ukurasa wako."

Nikabonyeza. Nikarudi.

Ikawaka. Daftari la Baba lilikuwa pale, herufi kubwa nyeusi juu ya nyeupe, vipimo vya watu wote, na chini ya vipimo, maneno yangu. Mbwa wewe, fungua. Umeondoka bila kunisubiri. Mgongo unaniua. Sirudi Kahama. Ilikuwa aibu kuyaona yamejipanga hivyo, kwa ukubwa ule, kama tangazo la ukutani. Nikashuka nayo mpaka mwisho, mpaka neno la mwisho nililoandika kabla sijaacha: Baba, nimechoka.

Na chini yake kulikuwa na mstari mmoja ambao sikuuandika mimi.

*basi pumzika mwanangu*

Nikaiweka simu mezani. Nilisikia rafiki yangu akiita "Halo? Imewaka?" nami nikausoma ule mstari mara ya pili. Hapohapo, nyuma ya ukuta, shangazi akapiga yowe.

Nilikimbia. Shangazi alikuwa amejibanza kwenye kona, nguo za Mama kifuani, akisoma kila aya aliyoijua. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, mkono mmoja chini ya kitenge.

"Umewaka kidogo, ukazimika," shangazi akasema. "Nimeuona kwa macho yangu!"

"Umeizima," Mama akasema. Alikuwa akiniambia mimi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikamata kile kitenge nikakivuta, kikaanguka chini. Televisheni ilikuwa inawaka, hafifu, na katikati yake paliandikwa kwamba hakuna kinachoingia. Nikachungulia nyuma yake. Palikuwa na waya mnene wa buluu. Nikaufuata kwa vidole, ukashuka, ukapita nyuma ya kitanda, ukaingia kwenye tundu la ukuta lililozibwa kwa karatasi. Upande wa pili wa lile tundu ni meza ya Baba.

Nilikaa sakafuni.

Mama alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mgeni choo kilipo. Mwaka wa mwisho Baba hakuweza kukaa kitini muda mrefu. Akatoboa ukuta, akapitisha waya, akawa analala kitandani akisoma vipimo kwenye televisheni kwa herufi kubwa, na Mama anakaa dukani akimwandikia kwa kidole kimoja, Baba akimsahihisha kwa sauti kutoka kitandani. Ndiyo maana laptopu haikufungwa. Kile kidude kinachoiambia imefungwa au imefunguliwa kilikuwa kimechakaa. Ukiifunga mara moja, inabaki ikidhani imefungwa, na picha yote inaipeleka chumbani, kwenye televisheni iliyoachwa ikingoja, inayowaka mtu akiandika na kulala akiacha. Nami nilikuwa nimeifunga, kwa mikono yangu miwili.

"Mimi nilijua siku ya kwanza tu," Mama akasema. "Niliona mwanga, nikainua kitenge, nikakuta unatukana."

Shangazi alishuka taratibu akakaa juu ya furushi la nguo. "Wifi yangu! Na mimi nimekuita mgonjwa, nimeleta gari! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, angeacha."

Kule mwisho wa njia, dereva alipiga honi. Shangazi akainuka, akampigia simu akamfokea aende zake, kisha akarudi akaanza kuzirudisha nguo kabatini moja baada ya nyingine, akijisemea kwamba amezeeka bure.

"Lakini ungeondolewa hapa," nikamwambia Mama. "Siku zako hazijaisha, ungetolewa, na mimi nilikubali. Ungenyamaza mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni. Pale mlangoni ningesema." Akakikunja kile kitenge, pembe kwa pembe. "Tangu umefika unagombana na kila mtu. Nikikuuliza habari, unasema nzuri. Nikikuuliza mume, mzima. Wewe mtoto wangu nimekuzaa mimi, lakini neno la kweli nalisoma kwenye TV. Ningelizuia mwenyewe? Nilikaa hapa kila alasiri baada ya kuswali, nikakungoja. Ulivyosema umechoka, kesho yake baada ya Alfajiri nikaenda nikakujibu, na wewe hukuona. Tena wiki nzima hukurudi. Nikajua nimekupoteza."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote, nikiona ni maneno ya kujazia khanga.

Mama akaigusa televisheni kwa kiganja, pale kwenye kioo kilichoanza kupoa. "Sasa umeizima," akasema. "Nitajuaje ukichoka?"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, kwa kelele, mpaka shangazi akaacha nguo. Nilimlilia Baba ambaye sikumwona, na nyumba yangu ya Kahama, na zaidi ya yote lile neno langu moja, sawa, nililolisema nimekaa kwenye kiti cha marehemu. Kule dukani simu ilikuwa bado wazi mezani, na sauti ndogo ya rafiki yangu ikaendelea kuuliza kama picha imetokea.

Nilipopata pumzi nikasogea mpaka kwenye mkeka wa Mama.

"Nimechoka, Mama," nikasema.

Akajivuta kidogo pembeni, akanipa nafasi.